Sikio la Mtoto Lisikie Dawa

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu wakulima, tuanze na ng'ombe, kwa maana hilo ni jambo ambalo kila mwenye shamba katika skimu zetu analijua vizuri. Asubuhi moja mama anakwenda kukamua. Anabonyeza chuchu, na badala ya maziwa meupe anaona mabonge na maji ya manjano. Je, atangoja mwezi mzima? Hangoji hata siku moja. Maziwa hayo yanatengwa, daktari wa mifugo anaitwa, na fedha za dawa zinapatikana hata kama ni za kukopa. Twajua sote ya kwamba chuchu isiyotibiwa hufa, na chuchu iliyokufa haitoi maziwa tena.

Sasa tuingie ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mtoto wa miaka mitano ameketi karibu na meko. Sikio lake la kushoto linatoa usaha. Lilianza wakati wa baridi, na leo ni mwezi wa tatu. Mama hulipangusa kila asubuhi kwa ncha ya leso. Nzi wanamfuata mtoto, na wenzake wanamkimbia kwa sababu ya harufu. Ukiuliza utajibiwa, "Ah, hayo ni masikio ya watoto tu. Akikua yatakauka yenyewe." Mwingine atatoa methali, "Sikio la kufa halisikii dawa," kisha acheke na kuendelea na kazi yake.

Makala haya yameandikwa kupinga neno hilo. Sikio la mtoto linalotoa usaha si sikio la kufa. Lasikia dawa, lakini lataka mambo matatu: lipelekwe hospitali mapema, likaushwe na kutiwa dawa inayofaa kwa siku zote zilizoagizwa, na lirudishwe kutazamwa tena, hata kama machoni petu linaonekana limepona.

USAHA WATOKA WAPI?

Mwisho wa tundu la sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Huitwa kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye mifupa mitatu midogo sana. Sauti ikipiga kiwambo, kiwambo hutikisika, na mifupa hiyo hupokezana mtikisiko mpaka sehemu ya ndani kabisa, ambako mshipa wa fahamu huuchukua na kuupeleka kwenye ubongo. Hivyo ndivyo tusikiavyo.

Chumba hicho kina mfereji mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua na koo. Kwa mtu mzima mfereji huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala. Mkulima yeyote aliyechimba mtaro shambani ajua tofauti yake: mtaro usio na mteremko hautoi maji vizuri. Kwa hiyo mtoto akishikwa na mafua, mfereji huziba, vijidudu hupanda kutoka kooni, na usaha hujaa chumbani. Mtoto hulia usiku, hushika sikio, hupata homa. Usaha ukizidi hupasua kiwambo na kutoka nje. Hapo maumivu hupungua, na mzazi hudhani ugonjwa umekwisha. Mara nyingine ni kweli, tundu huziba na mtoto hupona. Lakini mara nyingine tundu hubaki wazi, na sasa vijidudu vina njia mbili: kutoka kooni, na kutoka nje pamoja na maji ya kuoga na uchafu.

KUHESABU SIKU 14

Shirika la Afya Ulimwenguni limewafundisha wahudumu wa zahanati kuhesabu siku. Usaha ambao haujatimiza siku 14 ni ugonjwa mpya. Mara nyingi mtoto hupewa dawa ya kumeza ya kuua vijidudu, na dawa ya maumivu, na sikio hukaushwa. Usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Huo wataka kukausha sikio na kutia dawa ya matone ndani yake kwa majuma mawili.

Maana yake si kwamba ungoje siku 14 ndipo uende. Nenda siku ile ile uonapo usaha au mtoto anapolia kwa sikio. Lakini muuguzi atakuuliza, "Ulianza lini?" na hapo usijibu, "Zamani kidogo." Andika siku usaha ulipoonekana, kama vile unavyoandika siku ng'ombe alipopandishwa. Tarehe hiyo moja humwonyesha muuguzi dawa ya kuchagua.

JAMBO LILILOPIMWA KENYA

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya nchi za mbali. Katika iliyokuwa wilaya ya Kiambu, watafiti waliwachukua watoto 524 wenye ugonjwa huu sugu kutoka shule za msingi 145, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1996. Watoto waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walikaushwa masikio na kupewa dawa, ya kumeza na ya matone. Fungu la pili walikaushwa tu. Fungu la tatu hawakutibiwa kwanza. Baada ya majuma 16, usaha ulikuwa umekwisha kwa watoto 51 katika kila 100 wa fungu la kwanza. Katika fungu la pili walikuwa 22 tu katika 100, na katika fungu la tatu vile vile 22.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo mengine, ya watoto 427 kutoka shule 141 za Kenya. Wengine walitiwa matone ya siprofloksasini, wengine matone ya asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti. Baada ya majuma mawili, 59 katika kila 100 wa siprofloksasini walikuwa wamekauka, na 32 katika kila 100 wa asidi ya boriki.

Tazama hesabu hizo kwa makini, kwa maana zina mafundisho matatu. La kwanza, kungoja hakufai: watoto wengi walioachwa bila dawa walibaki na usaha wao. La pili, kupangusa peke yake, hata kukiwa kwa uangalifu, hakukuzidi kungoja; lazima dawa ifuate. La tatu, hata dawa nzuri haimponyi kila mtoto mara ya kwanza. Karibu nusu wataka kutazamwa tena. Basi mzazi ambaye mtoto wake hakupona kwa chupa ya kwanza asiseme, "Hospitali imeshindwa." Arudi.

MKULIMA MMOJA NA MWANAWE

Katika skimu moja ya upande wa baridi wa Nyandarua kulikuwa na mkulima mwenye ekari tano, ng'ombe wawili na shamba la viazi. Mwanawe wa kiume alikuwa gredi ya pili. Sikio lake la kulia lilitoa usaha tangu mvua za masika. Akiitwa kutoka nyuma haitiki. Akitumwa jembe, huleta ndoo. Baba yake alimwadhibu kwa ukaidi, na mwisho akasema, "Huyu hana kichwa cha kalamu. Mwakani atachunga ng'ombe."

Mwalimu ndiye aliyetambua. Alisimama upande wa kulia wa mtoto akamwita kwa sauti ndogo, mtoto hakugeuka. Akasimama upande wa kushoto akamwita vile vile. Mtoto akageuka mara moja. Mwalimu akamwita mama yake na kumwambia, "Mama, mtoto huyu si mkaidi wala si mjinga. Hasikii."

Mama alikwenda zahanati ya karibu. Siku hiyo dawa ya matone haikuwapo, akapewa dawa ya kumeza. Usaha ulipungua siku nne, kisha ukarudi. Mama akarudi pia, akaomba barua ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa zaidi. Nauli ilikuwa itoke katika fedha za maziwa, na baba alikuwa amezitenga kununua mbolea ya viazi. Usiku ule wakazungumza. Mama akasema, "Baba watoto, mwaka jana ndama aliposhikwa na homa, ulikodi pikipiki usiku wa manane kumtafuta daktari wa mifugo. Nami sikukulaumu." Baba hakujibu neno. Lakini kulipokucha, yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka mtoto.

Hospitalini afisa wa kliniki alichungulia sikio kwa chombo chenye taa, akalisafisha, akaona tundu katika kiwambo. Akatoa chupa ya matone, akawafundisha kukausha, na kuwaambia warudi siku ya tano. Siku ya tano sikio lilikuwa bado na maji. Walipoulizwa, ikajulikana kwamba mtoto alikaushwa na kutiwa dawa asubuhi tu, kwa maana jioni mama hukamua. Tangu siku hiyo dada yake mkubwa alishika zamu ya jioni. Majuma mawili yalipotimia, sikio lilikuwa kavu.

Je, alipona kabisa? Baadaye alipimwa kusikia. Tundu lilikuwa bado lipo, na sikio lile halikulingana na la pili. Lakini lilisikia zaidi kuliko lilipokuwa limejaa usaha. Aliandikiwa siku ya kurudi ili matabibu waangalie kama tundu litaziba lenyewe au litahitaji kushonewa ngozi atakapokuwa mkubwa zaidi. Shuleni mwalimu alimketisha mbele, sikio zuri likimwelekea. Habari ya kuchunga ng'ombe haikutajwa tena.

JINSI YA KUKAUSHA SIKIO NA KUTIA DAWA

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni.

2. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyochanika upesi. Kisokote kiwe kama utambi wa taa.

3. Ingiza utambi huo polepole katika tundu la sikio. Ukilowa, utoe, uutupe, utie mwingine. Fanya hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Usiache utambi ndani ya sikio.

4. Shika chupa ya dawa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, kwa maana dawa ya baridi huleta kizunguzungu. Mlaze mtoto ubavu, sikio bovu likiwa juu. Tia idadi ya matone uliyoagizwa. Bonyeza mara chache kile kijinyama kilicho mbele ya tundu, ili dawa ishuke. Mtoto alale hivyo dakika chache.

5. Kwa kawaida kazi hii hufanywa mara 3 kila siku kwa siku 14: asubuhi, arudipo mtoto shuleni, na kabla ya kulala. Kama umeagizwa vingine, fuata ulivyoagizwa. Usiache siku ya sita kwa sababu usaha umekoma.

6. Maji yasiingie sikioni. Wakati wa kuoga tia pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, na uitoe mara baada ya kuoga. Mtoto asiogelee mtoni wala katika bwawa.

MAMBO YASIYOFAA

Usitie sikioni mafuta ya moto, maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo wala parafini. Usichokore kwa njiti ya kiberiti, msumari au unyoya wa kuku. Kiwambo ni chembamba, na ulichokusudia kukisafisha waweza kukipasua.

Tena kuna jambo letu sisi wafugaji. Wako watu wanaosema, "Dawa ya kiwele hukausha usaha wa ng'ombe, basi itakausha wa mtoto." Ndugu, usifanye hivyo kamwe. Dawa ya mifugo ilipimwa kwa mifugo. Tena ziko dawa, kama jentamaisini, ambazo zikipita katika tundu la kiwambo na kufika sehemu ya ndani zaweza kuua kusikia kwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usiazime chupa ya matone ya jirani. Huenda sikio lake halina tundu, na la mwanao linalo.

DALILI ZA HATARI

Ukiona moja ya hizi, usingoje asubuhi wala siku ya soko. Mpeleke mtoto hospitali mara moja:

Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio kusukumwa mbele. Maana yake usaha umeingia katika mfupa.

Kuumwa sana na kichwa, kutapika, shingo kukakamaa, kulegea au kusinzia kusiko kwa kawaida, au degedege. Usaha waweza kufika kwenye ubongo, na mtoto akafa.

Uso kupinda upande mmoja, au kizunguzungu kinachomwangusha.

Usaha wenye harufu mbaya usiokoma hata baada ya dawa nao utazamwe na wataalamu wa masikio, kwa maana pengine ndani kuna uozo unaokula mfupa, na hauondoki ila kwa upasuaji.

Jambo jingine. Muuguzi akiomba kumpima mtoto virusi vya UKIMWI, mzazi asione vibaya. Masikio yasiyopona ni mojawapo ya mambo yanayomfanya mhudumu apime. Mtoto akikutwa navyo, ziko dawa za kumlinda akue na kusoma kama wengine.

GHARAMA NA SAFARI

Najua mkulima atauliza, "Na fedha?" Mwezi wa Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Mtu aliyejiandikisha SHA huweza kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali kwa mfuko wa huduma za msingi, bila kulipa hapo mlangoni. Basi jiandikishe, na uandikishe kila mtoto chini ya jina lako, kabla ya ugonjwa kuja. Huduma za hospitali kubwa zina masharti yake ya malipo. Uliza hayo kwanza katika zahanati yako. Mhudumu wa afya wa kijijini naye aweza kukuonyesha njia.

Ukienda, chukua kijitabu cha kliniki cha mtoto, tarehe ulizoandika, na kila dawa aliyokwisha kutumia, hata chupa tupu. Ukiambiwa dawa haipo, usiondoke kimya. Uliza, "Itapatikana lini? Na kama haitapatikana, nipelekwe wapi?" Kuuliza si kukosa adabu.

KUZUIA NI KAZI YA NYUMBANI

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Anayetumia chupa asipewe akiwa amelala chali, kwa maana maziwa huweza kupanda katika mfereji wa sikio. Moshi wa meko na wa sigara hudhuru pua na masikio ya watoto. Jiko liwe na njia ya moshi, na mtoto asilale palipo na moshi. Mikono inawe, na pua za watoto zipanguswe.

Tena chanjo. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya vijidudu vya nimonia, ambavyo ni baadhi ya vile vinavyoleta usaha masikioni. Chanjo hiyo hutolewa katika majuma ya 6, 10 na 14. Chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Surua nayo huacha masikio mabovu nyuma yake.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI NA WALIMU

Mwaka 2004 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wana masikio yanayotoa usaha, na kwamba 60 katika kila 100 kati yao wamepungukiwa sana na kusikia. Wengi katika hao walianza kama watoto wetu, kwa mafua na sikio lililoachwa.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ofisi, na neno hili nawaambia wenzangu wa zamani. Twapenda kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Lakini kabla ya kumwita mtoto mkaidi, hakikisha kwamba amesikia. Mwite kwa sauti ndogo kutoka nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Asipogeuka, ongea na mzazi wake, umwonyeshe njia ya hospitali, na umketishe mtoto mbele. Kama kusikia kumepungua sana, viko vituo vya elimu vya kuwapima watoto, viitwavyo EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Huko mzazi huelezwa namna mtoto atakavyosoma.

Nanyi wazazi, leo jioni waiteni watoto mmoja mmoja karibu na taa. Tazameni masikio, nuseni, ulizeni kama yanauma. Mkiona usaha, andikeni tarehe ya leo, na kesho asubuhi mmoja wenu aende zahanati na mtoto huyo. Kazi ya shamba itangoja siku moja. Sikio limekwisha kungoja siku nyingi.